Ukurasa wa Kumi na Nne

Nilimwangusha Tryphosa Nyakerario siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, katika shule moja ya kutwa huko Gesima, na nilimwangusha kwa sababu alisema kweli. Nayasema haya mapema ili asiwepo mtu wa kunihurumia njiani.

Mimi ni mwalimu wa walimu. Katika chuo chetu mjini Kisii nawafundisha vijana namna ya kufundisha Bayolojia, na kila muhula wa pili nazunguka shule za Kisii na Nyamira kuwakagua wakiwa kwenye mazoezi ya ualimu. Kazi hiyo imenipa jicho baya. Naingia darasani, nakaa nyuma, na kabla chaki haijagusa ubao nimeshajua kama somo limepikwa. Wanafunzi wanaojua jibu wananyoosha mkono wa kulia, wasiojua wananyoosha wa kushoto, mwalimu anachagua wa kulia, na mgeni anaandika kwamba darasa zima liko macho. Hila hiyo nimeiona mara nyingi mno, na kila mwalimu mchanga anadhani yeye ndiye aliyeibuni.

Kabla ya hapo nilikuwa mtafiti. Kwa miaka minne ng'ambo nilishughulika na galektini, kundi la protini zilizo mwilini mwa watu na wanyama, ambazo hushika sukari zilizojipanga juu ya seli. Mimi nilizitafuta kwenye matumbo ya mbuzi wenye minyoo. Ukizitia kwenye damu, zinazishikanisha seli nyekundu. Ukiongeza sukari ya maziwa, zinaishika hiyo na kuziachia seli. Mtoto akiwa ameng'ang'ania nguo ya mama yake, mpe ndizi mkono huu na ndizi mkono ule, nguo ataiachia mwenyewe. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu zaidi ya mara mia, na sioni haya kusema kwamba nililipenda.

Niliporudi nyumbani hapakuwa na galektini, wala friji ya kuzitunzia. Kulikuwa na maharagwe. Maharagwe mabichi nayo yana protini inayoshikanisha seli za damu. Kila mtu wa fani yangu anajua. Basi nilipoandika mwongozo wa majaribio kwa walimu wanafunzi, ukurasa wa kumi na nne niliutolea maharagwe. Yaloweke, yaponde, chuja maji yake. Pata damu ya kuku, itie dawa ya maabara isigande, kisha uioshe kwa maji ya chumvi. Dondoshea kwenye vishimo vya pakiti tupu ya vidonge, kwa kuwa shule zetu hazina vyombo, halafu usubiri. Seli zilizoshikana zitatandaa kishimo kizima. Zisizoshikana zitateremka na kukusanyika katikati kuwa kitone kimoja chekundu. Sasa ongeza sukari ya maziwa. Seli zitaachana.

Zitaachana. Neno hilo nililiandika mezani kwangu, kikombe cha chai pembeni, wafadhili waliolipia mwongozo wakiutaka kabla ya Ijumaa. Sikujaribu. Nilikuwa nimeona kwa galektini, nikajihesabia kwamba nimeona na kwa maharagwe.

Mwongozo ulipendwa. Zile pakiti za vidonge ziliwafurahisha wafadhili kupita kiasi, wakazipiga picha kutoka kila upande. Kwa miaka sita walimu wanafunzi walilifanya jaribio hilo mashuleni, na kwa miaka sita fomu zao zilirudi na habari moja: seli ziliachana. Nikaandika makala kueleza jinsi walimu wa vijijini wanavyoweza kufundisha sayansi ya kisasa kwa maharagwe na takataka za duka la dawa. Mkuu wetu wa idara, Daktari Ochoki, aliliweka jina lake baada ya langu. Makala hiyo ilinipandisha cheo.

Ndipo siku ile nikakaa nyuma ya darasa la Tryphosa.

Alikuwa msichana mfupi, sauti ndogo, sketi ya kijani iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Alikuwa ameandaa kila kitu. Vikundi sita, pakiti sita, damu kwenye chupa safi. Alipotia maji ya maharagwe seli zilishikana vizuri, nami nikaandika alama nzuri. Akaongeza sukari. Wakasubiri. Aliwauliza maswali ya kupoteza muda, akapita kila meza, kisha akasimama mbele.

"Mnaona nini?"

Watoto wakageuka kunitazama mimi. Watoto wa shule wanajua jibu linakaa wapi siku ambayo kuna mgeni. Mvulana mmoja wa mbele akasimama akasema, "Zimeachana, Madam."

"Angalia tena."

Akainama, akaangalia, akakwaruza kichwa. "Hazijaachana."

"Kikundi cha pili?"

"Hazijaachana."

Alipita vikundi vyote sita, na kwenye ubao, mbele yangu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba seli hazikuachana. Halafu akawaambia wanafunzi waandike hivyo daftarini, na wafikirie sababu tatu zinazoweza kueleza. Kengele ikalia. Nilikuwa nimefura kwa hasira. Niliona msichana aliyeliharibu jaribio langu kisha akanianika nalo mbele ya watoto arobaini.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, fomu ikiwa magotini pangu.

"Umeandaa vibaya," nikamwambia. "Sukari imeingia unyevu, ama pakiti zako ni chafu."

"Pakiti nilizichemsha, Madam. Na hii nimerudia nyumbani mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu."

"Inaweza kuwa, Madam. Lakini mara zote ilikataa. Sasa hawa watoto ningewaambia nini?"

"Ungewaambia kinachotakiwa kuonekana. Wenzako wote kinaonekana. Wewe tu?"

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amekubali. "Mwongozo unasema tuandike kile tumeona," akasema polepole. "Ukurasa wa kwanza."

Na kweli ulisema hivyo. Niliuandika mimi. Nikachukua kalamu nikajaza: mwalimu hana umilisi wa jaribio, lengo la somo halikufikiwa. Thelathini na nane. Alama ya kupita ni arobaini. Ningeweza kumpa hizo mbili kwa ajili ya sketi tu, na sikumpa. Maana yake alikuwa arudie mazoezi mwaka unaofuata, asihitimu na wenzake, na nafasi za walimu zikitangazwa mwishoni mwa mwaka awe hana cheti cha kuombea. Yote hayo niliyajua nikiandika.

Wiki mbili baadaye baba yake alikuja ofisini kwangu. Obadiah Ogari, mkulima wa majani chai, mtu wa Sabato, amevaa viatu vya kanisani siku ya Jumatatu. Hakukaa mpaka nilipomwambia mara ya pili. Kutoka mfukoni alitoa kitambaa cha mkono, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na pakiti ya vidonge, damu imekaukia kwenye vishimo.

"Daktari, mimi hiyo masomo yenu sijasoma," akasema. "Mimi nilikuwa nashika kuku tu. Omwana one, huyu binti yangu, anatoa damu, mimi nashika mabawa. Kuku wa tatu alikuwa anataga, mama yake akanung'unika sana, anauliza kwa nini tunamaliza kuku kwa sababu ya kitu wazungu walishaona."

Nilitazama saa. Nilikuwa na kikao saa tano.

"Lakini niliangalia. Na macho yangu hii. Haikuachana. Sasa nimekuja kuuliza, ningeangalia namna gani ndio ionekane?"

Hakuwa anakejeli. Alitaka kufundishwa. Nami, mwalimu wa walimu, nilimjibu, "Mzee, sayansi haiko rahisi hivyo. Mwambie binti ajitahidi mwaka ujao."

"Sawa, Daktari." Akakikunja kitambaa, pakiti akaiacha. Alipotoka niliitupa kwenye pipa la taka kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mende kwenye chai, kisha nikanawa mikono.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mwenzangu anayefundisha vitendo aliugua, ikanibidi niwaonyeshe wanafunzi wa mwaka wa kwanza jaribio la ukurasa wa kumi na nne. Siku moja kabla, niliingia maabara kujaribu vifaa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mikono yangu mwenyewe kuchanganya maharagwe na damu na sukari ya maziwa. Mara ya kwanza, miaka saba baada ya kuandika.

Seli zilitandaa. Niliongeza sukari. Nikasubiri nusu saa. Nikaongeza tena. Nikafungua kopo jipya la sukari. Nikabadilisha damu. Kufikia saa saba mchana nilikuwa na pakiti tisa mezani, na katika vishimo vyote wekundu umetandaa vilevile, haujajisogeza hata kidogo.

Momanyi, fundi wetu wa maabara, alikuwa anaosha chupa kwenye sinki. Hakugeuka.

"Daktari, hiyo ya maziwa haijawahi kukubali."

"Tangu lini?"

"Tangu ianze."

Niliketi. "Na miaka yote hii ulikuwa unaningoja nini?"

"Si ni wewe uliandika?" Sasa aligeuka, mikono inatiririka maji. "Nikafikiria kuna kitu wewe unajua mimi sijui. Mimi ni fundi tu. Na hao watoto wako wakikuja hapa walikuwa wananiuliza, 'Momanyi, jibu inafaa kuwa gani?' Nawaambia inafaa ziachane. Wanaandika, wanaenda."

"Wote?"

"Kuna kamoja kafupi kalikataa. Kakaniuliza kama mimi nimeshaiona ikiachana. Nikakaambia kaende kajaribu."

Sababu yenyewe ni nyepesi, na hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Protini ya maharagwe haitaki sukari ya maziwa. Inashika sukari nyingine, kubwa, yenye matawi. Ndizi zangu mbili hazikuwa chakula cha mtoto yule. Jambo hilo limo kwenye vitabu vya mwaka wa pili. Nililisoma nikiwa na miaka ishirini na moja, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau siku niliyohitaji kulikumbuka.

Nilikwenda kwenye kabati la fomu za zamani, nikakaa sakafuni nikazisoma. Mia mbili thelathini na moja. Seli ziliachana vizuri. Seli ziliachana baada ya dakika saba. Seli ziliachana haraka na wanafunzi walifurahi sana. Mmoja alikuwa amechora kila kishimo na kitone chake kwa kalamu nyekundu, kazi safi, na kando yake mwandiko wangu: Hongera, mtazamaji makini. Nilitaka kuwakasirikia. Nilijaribu kweli, nikawaita waongo kwa sauti, peke yangu kwenye sakafu ile. Lakini hao ndio niliowafuzisha, na kwa sasa wametawanyika kutoka Itumbe hadi mpaka wa Kericho wakifundisha watoto wa watu. Mmoja tu aliangalia akaandika alichokiona, na huyo ndiye niliyemwangusha.

Ochoki alinisikiliza bila kuacha kutia sahihi karatasi zake.

"Lorna, hayo ni maharagwe tu," akasema. "Hakuna mtu amekufa."

"Kuna msichana amerudishwa nyuma mwaka mzima."

"Alama zimepita kwenye baraza la chuo, haziguswi. Na ile makala ina jina lako na langu. Ukitaka, toleo jipya likitoka uondoe huo ukurasa polepole, hakuna mtu ataona. Unataka kuchoma nyumba ukiwa ndani?"

Ningependa kusema kwamba nilimjibu. Nilisema nitafikiria, nikafikiria muhula mzima. Nilikagua, nilisahihisha, nilikula keki kwenye sherehe ya mtu kustaafu. Mwezi wa kumi na moja ndipo nilipoandika barua mbili, moja kwa jarida kuomba makala iondolewe, nyingine kwa baraza kuomba alama za Tryphosa zirekebishwe. Tangu siku hiyo Ochoki ananisalimia kwa kidevu. Jarida lilishukuru. Baraza lilijibu kwa mistari mitatu: mwanafunzi huyo alikwisha kurudia mazoezi chini ya mkaguzi mwingine, akapita kwa alama themanini na moja, na kwa sasa ameajiriwa, kwa hiyo suala limefungwa.

Themanini na moja. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani amepata mkaguzi mwenye macho.

Mwezi wa pili nilimfuata Magwagwa, kwenye shule anayofundisha nyuma ya soko. Nilikuwa na barua ya kuomba radhi, imepigwa chapa, na muhuri wa idara ambao niliupiga bila ruhusa. Alinipokea mlangoni mwa chumba cha walimu kwa mikono miwili.

"Karibu, Daktari. Umetoka mbali."

Alikuwa amenenepa kidogo, sauti imekomaa. Aliisoma barua akiwa amesimama. Aliisoma yote, akaikunja kwa mikunjo ile ile, akairudisha kwenye bahasha.

"Asante sana, Daktari. Sasa hii naipeleka wapi?"

"Ni yako. Nilitaka ujue ulikuwa umeona sawa."

"Hiyo nilijua," akasema, bila ukali wowote. "Niliona."

Nikamuuliza kuhusu mara ya pili, nani alimkagua, alifanyaje.

"Niliandika zimeachana. Nikachora na kitone. Mkaguzi akasema nimeboreka sana." Alisukuma kiti nikae. "Baba alikuwa ameniuliza kama kuku wa safari hii atakuwa tofauti. Nikamwambia hatutachinja kuku safari hii."

Nilisema, "Pole, Tryphosa," na likatoka dogo, la kumwambia mtu aliyejikwaa. Akasema asante. Kisha akatazama saa ya ukutani na kuchukua kisanduku chake cha chaki. "Nina kipindi sasa. Kidato cha pili. Utaingia? Bahati yako ni ile ile ukurasa."

Niliingia. Nilikaa nyuma, pale ninapokaa siku zote. Vikundi, pakiti za vidonge, damu kwenye chupa. Alifundisha vizuri, haraka, bila kusita mahali popote. Aliwaambia watie sukari ya maziwa, na wakati wanasubiri akawachorea ubaoni duara na kitone chekundu katikati, nao wakanakili. Kwenye meza iliyokuwa mbele yangu pakiti ilikuwa wazi kabisa. Wekundu ulikuwa umetandaa kishimo kizima.

"Mnaona nini?"

Mikono ikapanda, ya kulia, yote.

"Zimeachana, Mwalimu!"

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Wakapiga, yale ya kupangwa, mawili mawili na moja la mwisho. Mimi nikasimama. Sikukusudia. Tryphosa akaniona, akaiweka chaki chini taratibu.

"Darasa, huyu mgeni wetu ni Daktari Lorna," akasema. "Yeye ndiye aliandika hicho kitabu. Anataka kuwaambia kitu."

"Hazijaachana," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kitabu kina makosa. Mimi niliandika bila kujaribu. Na mwalimu wenu aliligundua hilo kabla yangu, akaadhibiwa kwa ajili yake. Seli hazijaachana."

Nilimtazama Tryphosa, nikingoja sijui nini. Alikuwa anawatazama wanafunzi wake, naye uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kinachokuja.

Kisha nikasikia raba. Watoto arobaini na wawili walikuwa wameinamia madaftari, wanafuta. Walifuta kwa bidii, wakipuliza vumbi, na juu ya karatasi iliyochafuka wakaandika: Seli hazijaachana. Hakuna hata mmoja aliyeangalia ndani ya pakiti.

Msichana wa meza iliyo mbele yangu aligeuka, raba bado mkononi, adabu tupu.

"Daktari," akauliza, "na hii kitone tulichora, tufute pia?"

Pakiti ilikuwa karibu na kiwiko chake.